Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mtwara: mimba changa haina pa kwenda

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa halmashauri zetu tisa, na Waheshimiwa Madiwani wote.

Salaam sana. Kwa walionizidi umri, shikamooni, ingawa nadhani ni wachache. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, na kati yenu wapo ambao mama zao niliwashika mkono siku walipowazaa. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema nanyi kama mama asemavyo na wanawe waliopata vyeo: kwa heshima, ila bila kuzunguka.

Nawaandikia juu ya mimba zinazofia tumboni bila mwenyewe kujua, na juu ya kliniki zetu ambazo hazina uwezo wa kujua.

Mimba kuharibika tumezoea kuijua kwa damu. Mama anaona matone, kiuno kinavuta, tumbo linamkata, mwisho inatoka. Hiyo hata asiyewahi kubeba mimba ameshaisikia. Iko nyingine isiyojitangaza. Kiumbe kinaacha kukua, au moyo uliokwisha kuanza kupiga unasimama, pengine wiki ya sita, ya nane au ya kumi, na mwili wa mama hauna habari. Mlango wa kizazi umefungwa vilevile. Hakuna damu, hakuna uchungu. Kondo la nyuma linaweza kuendelea kutoa homoni kwa siku nyingi, hata wiki, ndiyo maana ukinunua kile kipimo cha mkojo dukani bado kinaleta mistari miwili. Kichefuchefu kinaweza kupungua na matiti yakalegea, lakini kwa wengine hata hayo hayabadiliki. Hedhi hairudi. Mama anahesabu miezi, anaweka akiba ya beseni na khanga za kujifungulia, na ndani hakuna anayekua. Wakati mwingine mfuko wa mimba unaendelea kutanuka lakini kiini chake hakikutokea kabisa, au kilikoma mapema mno, ukabaki mfuko mtupu.

Msidhani nazungumzia jambo la mtu mmoja mmoja. Kati ya mimba 100 zilizokwisha kujulikana, 10 hadi 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na hizi za kimya ni sehemu ya hizo. Chukueni kijiji chochote cha Tandahimba au Nanyumbu, hesabuni kina mama wenye kadi za kliniki mwaka huu, halafu mjiulize wale ambao hawakufika hata kwenye kadi wako wapi.

Sababu nayo niiseme, kwa kuwa hapa ndipo ndoa zinapovunjika. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema hutokana na hitilafu ya kromosomu: mbegu na yai vilipokutana, hesabu ya vinasaba haikukaa sawa, na kiumbe hakikuwa na njia ya kuendelea. Kila mkulima wa hapa anaujua mkorosho unavyochanua. Maua yote yangekuwa korosho, matawi yangevunjika. Hakuna anayemshika uchawi jirani kwa ua lililopukutika, lakini mimba ikipukutika tunatafuta mtu wa kubebeshwa: kabeba ndoo, kagombana na wifi, alichoma sindano ya uzazi wa mpango, kapita njia panda jioni. Ndoo ya maji haiui mimba nzuri. Ingekuwa inaua, sisi wa huku juu Makonde, tuliokulia kwenye shida ya maji, tusingezaliwa.

Yapo pia mambo yanayoweza kuua mimba na ambayo tunayaweza. Malaria ni mojawapo, na mkoa wetu ni miongoni mwa inayoongoza nchini kwa malaria. Kaswende ni jingine, na inapimwa kwa tone la damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kisukari kisichodhibitiwa na matatizo ya tezi la shingo yamo pia. Haya yote yanajulikana mama akipimwa mapema. Lakini mapema yenyewe ndiyo hatuna.

Naomba niwaeleze zahanati inavyofanya kazi, maana wengine mnaifahamu kwa kukata utepe tu. Mjamzito akifika, mkunga ana mikono yake, ana utepe wa kupimia, ana kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kile cha umbo la tarumbeta. Kizazi kinaanza kushikika juu ya mfupa wa kinena kwenye wiki ya 12. Kinafika kitovuni kwenye wiki ya 20. Ile tarumbeta nayo haisikii kitu mpaka mimba ikaribie miezi mitano. Kwa maana hiyo, tangu siku mama anapokosa hedhi mpaka miezi minne na nusu hivi, mkunga wa zahanati, hata awe hodari namna gani, hana njia ya kusema mtoto yuko hai au amekufa. Anaandika tarehe, anatoa vidonge vya kuongeza damu, anasema rudi mwezi ujao. Na mimi nilifanya kazi hiyo hivyo hivyo, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine.

Kinachoona ni ultrasaundi. Kwa kile cha kupitishia ukeni, mapigo ya moyo yanaonekana kuanzia wiki ya 6 hivi; kwa cha juu ya tumbo, wiki moja au zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016: mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kutimia, na apigwe ultrasaundi angalau moja kabla ya wiki 24. Sasa niambieni, mama wa Kitangari, wa Mahuta au wa Mangaka anaipigia wapi hiyo moja?

Nitawasimulia habari ya mke wa mpwa wangu, kwa ruhusa yake. Jina nitaliacha, na vituo alivyopitia nitaviacha vilevile, kwa kuwa sitaki mtu mmoja afukuzwe kazi halafu mambo yabaki kama yalivyo.

Binti huyu anajua kuhesabu. Ana kalenda ukutani, ile ya picha za misikiti, na siku zake anazizungushia kalamu. Alipokosa hedhi mara mbili alikwenda zahanati. Akaambiwa mawili: kwanza, tumbo bado halijashikika, kwa hiyo asubiri, pili, atakaporudi aje na mume. Mume alikuwa Ruangwa, machimboni. Basi, akaambiwa, lete barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba mume hayupo. Mwenyekiti naye yuko shambani, ni kipindi cha kupuliza salfa, na muhuri uko kwenye begi lake. Mpaka barua ikapatikana, wiki zimekatika. Alipopokelewa akapata kadi. Kwenye kadi hiyo, kwa kuwa kizazi hakikulingana na tarehe alizotaja, mtu aliandika kwamba mama hana uhakika wa tarehe. Kalenda ipo ukutani.

Nyumbani wakaanza kunong'ona. Mara mimba imehamia mgongoni, mara ana chango. Mkwewe, mwanamke mwema kabisa, akamchemshia mizizi asubuhi na jioni. Mimba haihamii mgongoni, jamani. Kizazi kiko mahali pake, na kisipokua kuna sababu. Siku moja akaja kwangu, akakaa mkekani, akasema taratibu, "Shikamoo mama. Hii sketi bado inafunga." Akanionyesha kifungo cha kiunoni. Kwa hesabu yake mimba ilikuwa na miezi minne, na kifungo kinaingia kwenye tundu bila kuvuta. Nikamlaza, nikaweka mkono. Kizazi hakikushikika juu ya kinena, yaani hakikufika hata miezi mitatu.

Tuliondoka alfajiri na Noah kwenda Mtwara mjini, kipande kikubwa cha njia ni udongo. Barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, najua inajengwa kwa lami na nawashukuru, ila mvua haikusubiri mkandarasi. Tukafika, tukapanga foleni, akaingia. Mpigaji akapitisha kifaa, akanyamaza, akamgeukia mwenzake, akasema, "Hii ilishakufa zamani." Hakumwambia mama. Alimwambia mwenzake. Binti kalala pale, mafuta baridi tumboni, anaangalia dari. Kisha akapewa kipande cha karatasi ya chooni ajifute na karatasi nyingine ya majibu iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Wodini kila aliyeingia zamu alimuuliza, "Ulikunywa nini?" Alikuwa amekunywa mizizi ya mkwe, akasema kweli, na kweli hiyo ikamponza, wakamtazama kama mhalifu. Kitanda chake kilikuwa kati ya wawili waliojifungua usiku uleule. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa kiume mdogo tu, ndiye aliyemletea uji, akavuta kiti na kumwambia kwa Kiswahili mimba ilikufa lini, kwa nini haikutoka, na kwamba hakuna alichokosea. Kesho yake akasafishwa kizazi, akapona. Huyo kijana sijui yuko kituo gani siku hizi. Natamani apandishwe cheo.

Waheshimiwa, ninachoomba kinatoka humo humo kwenye habari hiyo.

Kubwa kuliko yote ni kila kituo cha afya katika halmashauri zetu tisa kiwe na ultrasaundi inayofanya kazi na mkunga au tabibu aliyefundishwa kuitumia. Sisemi zahanati zote, nasema vituo vya afya, ambavyo mmevijenga vingi na vya kupendeza. Mashine za siku hizi si yale makabati ya zamani. Zipo za kubebeka, zipo hata za mkononi zinazoungwa kwenye simu au tabuleti na kuingia mfukoni mwa koti la daktari, zikachajiwa kwa umeme wa jua. Bei yake haifikii robo ya gari jipya la ofisi. Ushuru wa korosho unaingia halmashauri kila msimu. Tunaouona ni sisi, tunaosimama kwenye minada na kusoma bei za vyama vya ushirika. Mkulima aliyelipa ushuru huo ana mke, ana binti. Tengeni fungu humo, mliandike kwa jina lake, na mwaka wa fedha unapoanza Julai lisihamishiwe kwenye posho za vikao. Nimewahi kukaa kamati ya afya ya kituo. Najua fungu linavyohama.

Lakini mashine bila msomaji ni hatari kuliko kutokuwa na mashine, na hapa nawaomba wataalamu wenzangu wanisikilize zaidi kuliko madiwani. Mimba changa sana inaweza kuonekana kana kwamba haina moyo kwa sababu tu ni changa, au kwa sababu tarehe zimekosewa. Vipimo vinavyokubalika viko wazi: kwa kifaa cha kupitishia ukeni, kiumbe kikiwa na urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo, au mfuko wenye kipenyo cha wastani cha milimita 25 au zaidi bila kiumbe ndani, ndipo inaposemwa kwa uhakika kwamba mimba imekufa. Chini ya hapo, mama arudi baada ya siku 7 hadi 14 apimwe tena. Hii si kazi ya kukisia. Mjini kuna vyumba vya vipimo ambako mama anapewa majibu ndani ya dakika tano, karatasi haina vipimo vyovyote wala jina la aliyepima, na kesho yake anatafuta pa kusafishwa. Mimba ngapi hai zimetolewa hivyo, Mungu ndiye ajuaye. Mganga Mkuu wa Mkoa, hilo liko ndani ya uwezo wako wiki hii hii: karatasi yoyote ya majibu ya mimba changa iandikwe vipimo, tarehe na jina, na hakuna anayesafishwa kwa jibu moja la mashaka kama hatoki damu na hana homa.

La mlango wa kliniki halihitaji hata shilingi. Mwanamke anayekuja na mimba ya wiki sita asirudishwe kwa kuwa tumbo halijaonekana. Huyo ndiye tunayemtafuta. Apimwe wingi wa damu, kundi la damu, presha, mkojo, malaria, kaswende na virusi vya Ukimwi, apewe chandarua na vidonge, aelezwe kwamba dawa ya SP ya kuzuia malaria ataanza wiki ya 13 na kuendelea kila mwezi. Kundi la damu lisiwe pambo la kadi: mama mwenye damu hasi akipoteza mimba anaweza kuhitaji sindano maalumu ili mimba zijazo zisishambuliwe na damu yake mwenyewe, na dawa hiyo haipatikani kirahisi kwetu. Iwekwe angalau kwenye hospitali za wilaya.

Na mume. Kumhimiza mume aje kliniki ni jambo jema. Nimewaona wanaume waliokuja kwa kuburutwa wakawa ndio wanaokumbusha vidonge. Ila kumhimiza mume si kumfungia mke mlango. Huku kwetu wanaume wako baharini, machimboni, Dar, Msumbiji. Wapo waliokimbia. Barua ya mwenyekiti wa kijiji haitibu kaswende. Ikomeshwe kwa waraka, na waraka ubandikwe mlangoni pale mama anapoweza kuusoma na kumwonyesha mhudumu kwa kidole.

Nakubali kwamba kliniki haifufui mimba. Yenye hitilafu ya kromosomu itakufa hata mama akilala mlangoni kwa daktari, na anayewaahidi kina mama vinginevyo anawadanganya. Faida ya kujua mapema iko kwingine. Wengi wenye mimba iliyokufa hutoka salama, lakini inayokaa muda mrefu inaweza kuleta maambukizi au kutoka ghafla na damu nyingi, usiku, shambani, mbali na gari. Ultrasaundi hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo huua kwa kuvuja damu ndani, na mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya kama kichane cha zabibu, ambayo hairuhusiwi kuachwa bila kufuatiliwa. Na anayejua anachagua. Kuna njia tatu: kusubiri mwili utoe wenyewe kwa muda uliopangwa na daktari, kutumia vidonge chini ya uangalizi, au kusafishwa. Kwa mimba changa kusafishwa kufanywe kwa pampu ya mkono ya kunyonya, si kwa kukwangua na chuma kama enzi zetu, na mama apewe dawa ya maumivu kabla, sio kuambiwa avumilie kwa kuwa ni mwanamke. Ndugu zangu wa duka la dawa, vidonge hivyo mkiviuza kwa kificho bila mama kupimwa, na mimba ikawa nje ya kizazi, mmemuua.

Hapo niwaombe pia wafanyakazi wa wodi. Huduma kwa aliyeharibikiwa mimba ni haki yake, hata ikiwa imeharibika vipi. Swali la kwanza liwe "unaumwa wapi", na "ulikunywa nini" liulizwe pale tu jibu linapobadilisha matibabu, na liulizwe kwa sauti ya anayetaka kutibu. Mkimhoji kama polisi leo, mwenzake kijijini atajifungia ndani na homa mpaka aletwe amezimia. Na kitanda chake kisiwe katikati ya wenye vichanga. Hospitali zetu ni ndogo, nalijua hilo, lakini pazia linatosha. Kabla ya kuondoka aambiwe dalili za kurudi nazo, aambiwe kwamba wengi waliopoteza mimba moja hubeba nyingine ikafika salama, na kama imemtokea zaidi ya mara moja apelekwe kwa daktari wa kina mama katika hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini atafutiwe sababu.

Kwa wanaosoma barua hii na si viongozi, shikeni haya. Mjamzito akitoka damu inayolowesha pedi haraka, akipata homa, uchafu wenye harufu, kuzimia, au maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, aende siku hiyo hiyo, asingoje Jumatatu. Namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, ni bure. Wengi wanadhani ni ya uchungu wa kuzaa tu. Mwenye mimba changa aliye katika dharura naye apige.

Nije kwenye msimu. Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka vijiji vinabaki na wazee na kuku. Watu wako kwenye mabanda ya mashambani wanaokota korosho. Mimba za Agosti na Septemba zinapita sehemu kubwa ya miezi yake ya mwanzo huko. Huduma za mkoba za chanjo tunazo, mhudumu anafika na pikipiki na boksi la barafu. Kile kifaa cha mkononi nilichokitaja kinaenea kwenye mkoba huo huo, na mkunga anaenea nyuma ya pikipiki, nimewahi kukaa hapo mimi mwenye mwili huu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wafundishwe kuuliza, bila kumwaibisha mtu, nani amekosa hedhi.

Wasiachwe makungwi. Mambo ya mwili wa mwanamke, huku kwetu, hayaanzii kliniki, yanaanzia unyagoni. Nilichezwa, na ninaheshimu nilichofundishwa, ikiwemo kwamba mimba changa haitangazwi ovyo. Wala simwombi mtu aitangaze sokoni. Nawaomba makungwi waseme kwa mwali kwamba siri hiyo ina watu wawili wa kuijua, mumewe na mkunga, na kwamba mkunga aijue kabla ya mwezi wa tatu. Mwalikeni mwanamke mmoja mwenye sauti kutoka kila kata, mketi naye nusu siku. Watakwenda mbali kuliko mabango yenu.

Taifa limefanya kazi kubwa. Vifo vya kina mama kutokana na uzazi vilihesabiwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, na vikashuka hadi 104 kwenye ule wa 2022. Nikiwa mkunga nilifurahi mpaka machozi. Lakini hesabu hiyo inaanza kwa mama anayekufa na mtoto anayezaliwa. Yule ambaye mama alipona na mtoto hakuzaliwa haingii popote. Kwenye ripoti za robo mwaka mnazoletewa sijawahi kuona mstari wa mimba zilizokufa kimya, ziligunduliwa wiki ya ngapi, na mama alisafiri kilomita ngapi kuambiwa. Uongezeni mstari huo kwenye ripoti za mkoa wetu. Mtaona wenyewe mashine ianzie kituo gani.

Vikao vya bajeti za halmashauri vinakuja, na vya baraza la madiwani ni vya wazi. Nitakuja na kina mama wenzangu tukae nyuma, tumeshapeana zamu. Tutakachotaka kusikia ni jina la kituo, mwezi ambao mashine itafika, na jina la atakayepelekwa mafunzo. Kama majibu mtayatoa mapema zaidi, yabandikeni kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo cha afya, kwa Kiswahili.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Newala, Mtwara.